Nimelipa miaka tisa, lakini hati ina jina lake

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta. Safari hii naituma kabla sijaisoma tena, kwa hiyo nisamehe nikijirudia.

Nina miaka 43. Nimeishi na mume wangu miaka 16 na tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka 14, mdogo 11. Miezi saba iliyopita mume wangu alihama. Hatukupigana wala hakuna aliyefumaniwa. Tulichokana tu, tukafika mahali ambapo hata salamu ya asubuhi ilikuwa mzigo. Talaka tumekubaliana, bado haijaandikwa. Nyumba tumeshaizungumza, vyombo tumegawana, gari halikutusumbua. Tumekwama kwenye mkoba.

Mkoba wenyewe ni wa plastiki, zipu imeharibika, tunaufunga kwa kamba ya kiatu. Humo ndimo zinamokaa karatasi za bima. Ziko nne.

Ya kwanza ni bima ya akiba ya miaka 18, inayolipa muda huo ukiisha, au aliyekatiwa akifariki kabla. Aliikata mume wangu tukiwa na miaka miwili ya ndoa. Mwenye bima ni yeye, maisha yaliyokatiwa bima ni yake, mnufaika ni mimi. Miaka mitano ya mwanzo alilipa yeye. Kisha akapoteza kazi, na tangu hapo nimelipa mimi, miaka tisa, kila mwisho wa mwezi, kwa makato yanayotoka moja kwa moja kwenye akaunti yangu. Imebaki miaka minne iive.

Ya pili ni bima ya elimu ya mtoto mdogo. Hii ina jina langu, ila mzazi aliyeandikwa kwamba akifariki michango inasimama na mtoto anaendelea kulindwa ni baba yake. Ya tatu ni ya pamoja, tuliambiwa lazima tuikate tulipokopa pesa za nyumba. Ya nne ni ya kazini kwangu. Mwajiri ndiye anayelipa. Mimi nilijaza fomu tu siku ya kwanza kazini na sikumbuki niliandika nini.

Mume wangu anataka tuivunje ile ya akiba, tugawane nusu kwa nusu, kila mtu ashike njia yake. Wiki mbili zilizopita alikuja na karatasi ya kuvunja bima akaiweka mezani, akaniambia nisaini. Najua anataka kunikomoa. Nusu kwa nusu ya nini? Alipokaa miaka mitatu bila kazi, nani alilipa? Alikuwa nyumbani, akiwapeleka watoto shule na kuwarudisha, anapika, sawa, lakini senti haikuingia. Alipopata kibarua kingine hakuuliza hata siku moja kama bima inalipwa. Ile ni hati yangu, Shangazi, hata kama wameandika jina lake.

Kaka yangu anasema niache kulipa leo leo. "Utamlipiaje mwanamume aliyekuacha?" Dada yangu anasema nisiache hata mwezi mmoja. Mume wangu ana kisukari, aligundulika miaka mitatu iliyopita, na dada aliniambia hivi: "Wewe lipa, nyamaza. Lolote likimpata, jina ni lako." Aliposema hivyo sikumjibu. Sikuipenda ile sauti yangu ya kutojibu, kama unanielewa.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilisimamisha makato. Siku ya kwanza nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Siku ya tisa ukaja ujumbe kwenye simu: mchango wako haujapokelewa. Siku ya 19, usiku, nikaamka, nikaufungua mkoba kutafuta namba ya bima ili nilipe. Nikaikuta ile fomu ya kwanza kabisa. Saini ya mume wangu imeanza kwa wino mweusi na kumalizikia kwa wino wa buluu, kwa sababu kalamu ilimwishia katikati na mimi nikampa yangu. Nililipa. Dakika ile ile ukarudi ujumbe: tumepokea, ahsante kwa kuilinda familia yako. Nililia kwa sababu ya ujumbe wa mashine.

Ni haki kugawana nusu kwa nusu kitu nilichokilipia miaka tisa? Nisaini ivunjwe? Niache ife? Au niendelee kulipa kama mjinga?

Mwenye Mkoba


JIBU

Marahaba, mwanangu. Afadhali hukuisoma tena, maana ungelifuta lile la siku 19, na mimi ndilo lililonionyesha uko wapi.

Nilivyokusikia ni hivi. Mna bima nne, lakini ugomvi uko kwenye moja. Mwenzako anataka ikatwe vipande viwili sasa hivi. Kaka anataka uiue. Dada anataka uitunze kwa sababu ambayo hukuweza kuijibu. Na wewe katikati umeniuliza swali la hesabu, nusu kwa nusu ya nini, ambalo chini yake nadhani kuna swali jingine: kuna mtu yeyote aliyeiona miaka yangu tisa? Hilo la pili hakuna kampuni ya bima itakayokujibu. Ninalitaja mapema ili tusije tukalibebesha lile la kwanza mzigo usio wake.

Tuanze na karatasi yenyewe. Kabati ukiligawa, unaliuza na kugawana pesa. Bima haiko hivyo, kwa sababu ndani yake kuna nafasi nne, na mara nyingi watu huzichanganya: mwenye mkataba, yule ambaye maisha yake ndiyo yamekatiwa bima, anayelipa, na anayelipwa. Kwenye ile ya akiba mume wako ana nafasi mbili za mwanzo, wewe una mbili za mwisho. Kampuni inasikiliza nafasi ya kwanza tu. Mwenye mkataba ndiye mwenye uwezo wa kuuvunja, kukopa juu yake, kumhamishia mtu mwingine, na kwa kawaida hata kulifuta jina la mnufaika na kuandika jingine. Kwao wewe unayelipa ni akaunti inayokatwa. Na mnufaika, mwenye mkataba akiwa hai, ana tumaini zaidi kuliko haki, isipokuwa pale alipoandikwa kuwa mnufaika asiyeweza kuondolewa bila ridhaa yake. Hilo liangalie kwenye hati yako, liko au haliko. Huwa ni mstari mmoja mdogo, unabadilisha mengi.

Mahakama ni habari nyingine. Nchi nyingi zinapogawa mali ya ndoa hazitazami jina la kwenye karatasi peke yake. Zinatazama ilichumwa lini na kila mmoja alichangia nini. Hapo miaka yako tisa ina uzito, na uishike mkononi ikiwa imeandikwa: taarifa za benki, mwezi kwa mwezi. Michango 60 yake, michango 108 yako. Lakini mahakama hizo hizo, sehemu nyingi, huihesabu pia kazi ya nyumbani kuwa mchango. Sasa rudi kwenye barua yako. Uliandika kwamba kwa miaka mitatu mwenzako aliwapeleka watoto shule na kuwarudisha, akapika. Ukaweka "sawa," kisha ukapita haraka. Sisemi kapu hilo lina uzito sawa na lako. Nauliza tu: kama asingekuwepo nyumbani saa hizo, wewe ungelazimika kumlipa nani, na je, ungebaki na cha kulipia bima? Jibu unalo wewe, mimi sikuwepo. Ila wakili wake atakuuliza swali hilo bila upole huu wangu, kwa hiyo bora likukute umeshalitafakari.

Umesema unajua anataka kukukomoa. Unajua, au unahisi? Nauliza kwa sababu ya ile karatasi aliyoileta mezani. Kama mkataba ni wa kawaida na mwenye bima ni yeye, huenda hakuhitaji saini yako kabisa. Angeweza kwenda mwenyewe, akauvunja, pesa zikaingia kwenye akaunti yake, ukaja kujua makato yaliporudi. Badala yake alikuja, akaomba. Inawezekana kampuni au sheria ya mahali mlipo inadai ridhaa ya mwenzi. Inawezekana pia ana kodi ya nyumba ya kulipa na hana pengine pa kushika. Au ni kweli ana kinyongo. Sababu hizo zote huja na karatasi ile ile. Kabla hujaamua ni ipi, muulize tu anazihitaji pesa za nini na kwa nini sasa.

Kuhusu kuvunja, nitasimama hapa kidogo maana ndipo watu wanapoumia bila kujua. Bima ya akiba hailipi unapoivunja kile ulichoweka. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya mchango hulipa kamisheni ya wakala na gharama za kuanzisha mkataba. Kila mwezi kuna kipande kinacholipia kinga ya kifo. Na kama ni bima yenye bonasi, yaani nyongeza inayotokana na faida ya kampuni, aghalabu kuna bonasi ya mwisho ambayo huja pale tu inapoiva. Miaka 14 kati ya 18 maana yake mmeshaimeza sehemu chungu na mnataka kuondoka kabla ya tamu. Tofauti kati ya kuivunja leo na kuisubiri miaka minne inaweza kuwa kubwa au ya kawaida, inategemea mkataba. Ndiyo maana sitaki mbishane nusu ya nini kabla hamjajua hiyo "nini" ni kiasi gani.

Barua kwa kampuni aiandike yeye, kwa sababu wewe hawatakujibu. Aombe kwa maandishi: tukiivunja leo tunapata kiasi gani baada ya makato yote, tukiacha kulipa bila kuivunja, inabaki na thamani gani, ikiiva, kiasi gani ni cha uhakika na kiasi gani ni matarajio tu, kuna mkopo wowote uliochukuliwa juu yake, na mnufaika aliyeandikwa leo ni nani. Hilo la mkopo usilione aibu kuliuliza. Nimewaona watu wakigombania kwa miezi hati ambayo ndani ilishaliwa. Akikubali kuiandika barua hiyo na kukupa nakala, utakuwa umejua jambo juu yake ambalo kaka yako hawezi kukuambia. Akikataa, pia utakuwa umejua.

Sasa kisukari. Hiki ndicho kinachoifanya bima hii isifanane na akiba ya benki, na ajabu ni kwamba katika nyumba yenu aliyekitaja ni dada yako, tena kwa mlango wa nyuma. Mume wako alikatiwa bima akiwa mzima. Ugonjwa uliokuja baadaye haumwondoi ndani ya mkataba huo na haumpandishii mchango. Lakini akitoka leo akabisha hodi kwingine, ataulizwa afya yake, na anaweza kutozwa zaidi, kuwekewa masharti, au kukataliwa. Kwa hiyo mnapoivunja hampotezi pesa tu. Mnapoteza kinga ambayo huenda hainunuliki tena. Na kinga hiyo, kwa baba mwenye watoto wa miaka 14 na 11, ni ya nani hasa? Katika barua yako nzima umeandika "hati yangu," umeandika "jina lake," na kati ya bima zote, mtoto umemtaja kwenye ile ya elimu tu. Sikulaumu. Mtu aliyelipa mara 108 lazima aseme yangu. Nakuomba tu uisome tena kwa jicho hilo.

Njia ziko kadhaa kati ya kuivunja na kuendelea kulipa kimya kimya. Mnaweza kuacha kulipa lakini mkaiomba kampuni iigeuze kuwa bima iliyokwisha kulipiwa: hakuna mchango tena, inabaki hai na kiasi kilichopungua hadi iive. Inampumzisha anayelipa na hamtupi miaka 14. Hasara yake, kinga inashuka, bonasi huenda zikasimama, na vile viambatanisho vya ulemavu au magonjwa makubwa, kama mlikuwa navyo, kwa kawaida hufa.

Anaweza pia kukuhamishia umiliki. Maisha yaliyokatiwa bima yanabaki yake, mkataba unakuwa wako, unaendelea kulipa ukijua unalipia chako. Wengi hudhani talaka inakataza hilo, kwamba huwezi kushika bima ya maisha ya mtu ambaye si mumeo tena. Sheria iliyotungwa Uingereza mwaka 1774, ambayo mataifa mengi yaliirithi, ilidai mwenye kukata bima awe na maslahi katika maisha ya anayekatiwa, yaani kifo chake kimletee hasara, na mwaka 1854 mahakama za huko zikaamua kwamba maslahi hayo yanapimwa siku ya kuikata, si siku ya kifo. Hata hivyo sheria ya mahali ulipo ithibitishe kwa wakili, na muulize na kodi kwa mkupuo mmoja, maana kuhamisha kwa zawadi na kuhamisha kwa malipo wakati mwingine havitozwi sawa. Kikwazo kikubwa kiko kwingine: akikupa mkataba, atataka kufidiwa sehemu yake. Je, mna kitu kingine cha kuweka upande wa pili wa mizani? Umesema nyumba mmeshaizungumza. Huenda mazungumzo hayo yakahitaji kufunguliwa tena, na hilo lina uchovu wake.

Au mkaiacha iive, mkakubaliana sasa namna mtakavyogawana wakati huo, kwa mfano kwa uwiano wa michango, au kwa uwiano mwingine mtakaouona unawatosha. Hapo mnapata thamani yote. Lakini unakuwa umefungwa kamba na mtu uliyeachana naye kwa miaka minne zaidi, na mkataba ungali mkononi mwake. Makubaliano ya mdomo hayamzuii kukopa juu yake kesho. Yakiandikwa kwenye amri ya mahakama na nakala ikapelekwa kwa kampuni, ikapokelewa na kugongwa mhuri, angalau kuna uzio. Amri iliyolala kwenye droo yako kampuni haiijui.

Uliponisimulia ulivyojisikia siku ya kwanza ya kutolipa, kama mtu aliyetua ndoo, nilikuelewa. Hukuwa mjinga wala mkatili. Ulitaka kuona dunia ikikosa mkono wako kwa siku chache. Lakini ujue ulikuwa unacheza na nini. Bima nyingi zina muda wa kuvumilia mchango uliochelewa, mara nyingi kama siku 30. Ukipita, kuna mikataba inayojilipia yenyewe kwa kukopa thamani iliyojijenga ndani na kutoza riba, ipo inayojigeuza kuwa ndogo, na ipo inayokufa. Iliyokufa hufufuliwa kwa kulipa malimbikizo na riba, na kwa kutoa tamko jipya la afya. Tamko jipya la afya, mwanangu, kwa mtu mwenye kisukari. Ushauri wa kaka yako una mantiki ya hasira, na hasira yake ni ya upendo kwako, ila hautofautishi kati ya kumwadhibu mumeo na kuifunga njia ya wanao. Kama mwisho wa yote utaamua kuacha kulipa, hiyo ni haki yako. Mwambie mwenzako mapema kwa maandishi, apate nafasi ya kuishika mwenyewe.

Nije kwa dada. Hukumjibu, na umeniambia hukuipenda sauti ya kutojibu kwako. Mimi naona kule kutojibu kulikuwa kwa mtu mwema aliyeonyeshwa kitu kibaya ndani yake kwa sekunde moja. Kila mnufaika wa bima ya maisha amewahi kuwaza hesabu hiyo, hata katika ndoa yenye furaha. Kuwaza si kutamani. Lakini tuutazame ushauri wenyewe, maana hata kwa mizani ya ubinafsi una tundu: yeye ni mwenye mkataba, anaweza kulifuta jina lako asubuhi moja bila kukuuliza, na wewe ukaendelea kulipa. Kuna nchi ambazo talaka yenyewe hulifuta jina la mwenzi kwenye baadhi ya bima. Kwingine jina hubaki hadi mtu alibadilishe kwa mkono wake. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanamume wa jimbo la Washington aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1994, miezi michache baada ya talaka. Bima yake ya maisha aliyoipata kazini ilikuwa bado ina jina la mtalaka wake. Sheria ya jimbo ilisema talaka imelifuta jina hilo, watoto wake wa ndoa ya awali wakadai, lakini mahakama ikasema mafao ya kazini yanaongozwa na sheria ya shirikisho, na karatasi ifuatwe. Pesa zikaenda kwa mtalaka. Huenda ndivyo alivyotaka marehemu, huenda alisahau tu. Hakuna aliyeweza kumuuliza.

Ndiyo sababu, kati ya bima zako nne, ile ambayo hukuiuliza swali ndiyo inayonikereketa: fomu ya kazini. Nani yumo? Kama ni mume wako, unataka abaki? Unaweza kutaka, kwa ajili ya watoto, na hilo si jambo la ajabu. Kama ungependa kuwaandika watoto wenyewe, fahamu kwamba kwa kawaida mtoto hakabidhiwi pesa mkononi. Lazima awepo mtu mzima wa kuzishika kwa niaba yake, na usipomtaja wewe, mara nyingi atakuwa mzazi aliyebaki. Kwa hiyo unaweza kumwondoa mlango wa mbele akaingia kwa dirishani. Na kama kesi ya talaka imeshafunguliwa, muulize wakili kabla ya kubadilisha chochote kwenye hati yoyote, kwa sababu kuna mahakama zinazozuia kugusa mali na bima kesi ikiendelea.

Ya nyumba, kwa kifupi: bima nyingi za pamoja hulipa mara moja tu, kwa kifo cha kwanza, kisha zinakwisha. Na kama iliwekwa dhamana ya mkopo, pesa zinakwenda benki kwanza. Msiiguse hadi mjue nyumba inabaki kwa nani na benki imekubali nini mahali pake. Baadhi ya mikataba inaruhusu kuitenganisha iwe mbili bila vipimo vipya vya afya. Kwa hali ya mwenzako, swali hilo lina thamani ya simu moja.

Ile ya elimu sina wasiwasi nayo sana. Ina jina lako, na baba yake kubaki ndani kuna faida kwa mtoto, talaka au bila talaka. Mkubaliane tu nani analipa, mwandike.

Sijakuambia usaini au usisaini, na sitakuambia. Yapo mambo siyajui: anahitaji nini, wewe unaweza kubeba mchango huo miaka minne mingine bila kuumia, na kama ninyi wawili bado mnaweza kukaa meza moja kwa nusu saa. Kama mnaweza, mimi ningeanza na ile barua ya maswali kwa kampuni, kabla ya wakili, kabla ya kaka. Na mkiwa mnaisubiri, ile fomu ya kwanza, yenye wino wa rangi mbili, mtolee nakala umpe. Sisemi ili umlainishe. Ni karatasi yake pia, na huenda hajaiona kwa miaka 14.

Majibu yakija niandikie, hata kama yatawapeleka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepafikiria. Na uinunulie mkoba zipu mpya, au mkoba mwingine kabisa. Hati zenyewe, popote zitakapoangukia, zisikae tena kwa kamba ya kiatu.